Mheshimiwa Akishtakiwa: Mwongozo kwa Katibu Mpya wa Chama

Pongezi, Bwana Katibu, kwa kuchaguliwa bila kupingwa. Ofisi uliyopewa hapa soko la Gakoromone, Meru, naijua. Ni chumba cha pili ukipanda ngazi, juu ya wauza ndizi, na ukifungua dirisha saa nane mchana unasikia mikokoteni ikigombania njia na makanga wa Maua na Nkubu wakipigiana kelele. Meza ina mguu mmoja mfupi. Kilichowekwa chini yake ili isiyumbe ni katiba ya chama, toleo la zamani. Usiiondoe. Chai itamwagika.

Nilikalia meza hiyo, au nyingine iliyofanana nayo, kwa chaguzi tatu nikiwa karani wa tawi. Chama sikitaji, maana vyama vyetu vimebadilisha majina na rangi mara nyingi hivi kwamba nikikitaja utadhani nasema kingine. Nimestaafu na uzoefu wangu, na leo nakuachia sehemu yake moja tu, inayohusu siku ambayo itakufika kabla hujamaliza mwezi ofisini. Msichana atapanda zile ngazi. Mkononi atakuwa na karatasi mbili zilizochanwa daftarini, zimekunjwa mara nne, na kalamu imekandamizwa mpaka maandishi yanaonekana upande wa pili. Atauliza kama katibu yupo. Ndani ya karatasi kuna jina la Mheshimiwa, tarehe, mahali, na maneno aliyoambiwa.

Usishtuke. Vyama vikubwa kuliko chako vimepita hapo na ruzuku ya serikali bado vinapokea.

Hakikisha hakuna mfanyakazi

Kosa la kazini haliwezi kutokea mahali pasipo na kazi. Hilo ndilo jiwe la msingi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 6, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera iliyoandikwa kuhusu unyanyasaji wa kingono, tena baada ya kushauriana na wafanyakazi wenyewe, na kila mmoja ajue malalamiko yanapelekwa wapi. Sasa tuhesabu pamoja. Mlinzi wa usiku, mmoja. Wewe, wa pili. Dereva ni shemeji yake Mheshimiwa, huyo hahesabiwi. Mko wawili.

Na wale wengine? Wale wanajitolea. Msichana anayechapa orodha za wanachama mpaka saa tatu usiku anajitolea. Kijana anayesimamia kurasa za chama mtandaoni na kujibu matusi kwa matusi anajitolea. Mama anayewapikia mawakala siku ya kura, sufuria zake, kuni zake, anajitolea kuliko wote. Kila Ijumaa wanapewa bahasha, lakini kilichomo si mshahara. Ni nauli. Hata yule anayeishi ng'ambo ya soko na kuja kwa miguu hupewa nauli. Andika hivyo kwenye daftari la matumizi: nauli. Neno hilo limeokoa vyama vingi kuliko mawakili.

Mwandishi wa habari akikuuliza, mjibu kwa upole kwamba sisi hapa ni familia. Familia haina mkataba, haina likizo, haina saa ya kutoka, na baba akiteleza hatuitishi kikao, tunafunga dirisha. Siri ya mtungi aijuaye kata. Kazi yako wewe ni kuhakikisha kata haipati nauli ya kwenda Nairobi.

Kuna jambo dogo la fedha. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya mwaka 2011 inasema Hazina ya Vyama itengewe angalau asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa, na kwamba angalau asilimia 30 ya fungu la chama itumike kuinua wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na makundi mengine yaliyoachwa nyuma. Watu wa makao makuu watakukumbusha. Zikifika huku chini, ikiwa zitafika, chapisha fulana za tarehe 8 Machi. Hakikisha yule msichana amepata moja, saizi yoyote.

Muhuri

Hapa nitakawia kidogo, maana ndipo wengi huharibu.

Mizozo ya vyama ina jopo lake Nairobi, na majaji hawana mchezo. Lakini sheria inamtaka mlalamishi aonyeshe kwanza kwamba alijaribu kutatua jambo lake ndani ya chama. Soma sentensi hiyo mara mbili, Bwana Katibu, uone ilivyo tamu. Mlango wa kwanza ni wako. Asipoonyesha kuwa aliubisha, wa pili atausikia kwa jirani. Na mtu huonyesha vipi kwamba alibisha? Kwa nakala ya barua yake iliyogongwa muhuri: IMEPOKELEWA, tarehe, sahihi.

Basi usigonge.

Muhuri wa ofisi hiyo ni wa mpini wa mbao, umefungwa utepe mweusi pale ulipopasuka, na tarehe yake huzungushwa kwa ukucha. Kwa barua za michango, gonga. Kwa risiti za viti na hema, gonga mara mbili. Kwa karatasi mbili zilizochanwa daftarini, muhuri umeenda kutengenezwa.

Nasema kwa ujuzi. Mwaka mmoja, wiki chache kabla ya mchujo, alipanda mama wa makamo kwa niaba ya bintiye. Nilimwambia muhuri uko kwa katibu na katibu yuko Nairobi. Katibu alikuwa nyuma ya pazia, anakula ndizi. Muhuri ulikuwa mfukoni mwangu, wino wake umenichafua suruali, na mpaka leo doa lile halijatoka. Mama alisema atasubiri. Akakaa kwenye benchi, mkoba mapajani, kuanzia saa nne mpaka wauza ndizi walipoanza kufunika mali yao kwa maturubai. Kisha akasimama, akaniaga vizuri, akashuka. Hakurudi. Mwisho wa mwaka nikaandika ripoti ya tawi. Mstari wa malalamiko niliujaza mwenyewe kwa mwandiko mzuri: hakuna.

Makao makuu walitusifu kwa nidhamu.

Sasa kuna wabishi watakaosema, "Mimi ni mwanachama, nina haki." Mwombe kadi. Akitoa kadi, mwambie utaangalia kwenye sajili. Hapa utapata utamu ambao vyama vyetu pekee ndivyo huujua. Juni 2021 Wakenya walifungua tovuti ya serikali kuangalia majina yao na maelfu wakajikuta wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi hata kuviota. Wakachemka, wakatukana, wakajiondoa. Tuliweza kuandikisha watu bila wao kujua, usingizini mwao. Huyu mmoja, aliyechapa sajili yenyewe kwa vidole vyake, jina lake halionekani.

Chagua maneno

Usiandike kamwe neno "unyanyasaji". Andika "kutoelewana". Kama kuna shahidi, ni "utani uliochukuliwa vibaya". Kama kuna ujumbe wa simu, ni "mambo ya kibinafsi kati ya watu wazima wawili". Kama kuna picha, simu ya Mheshimiwa iliibwa wiki iliyotangulia. Na kama kuna video, basi jifunze kwa wakubwa.

Tarehe 6 Septemba 2013, wafanyakazi wa Kaunti ya Nairobi wakiwa kwenye mgomo, mwakilishi wa kike Rachel Shebesh alifika City Hall, na mbele ya kamera za televisheni gavana Evans Kidero akamzaba kofi. Nchi nzima iliona. Gavana aliposimama mbele ya waandishi wa habari alisema hakumbuki kumpiga mtu kofi. Jibu hilo lilikuwa fupi na halikuwa na pa kushikia. Mtu anaweza kukuonyesha video ya mkono wako, lakini nani atakuonyesha video ya kumbukumbu yako? Baadaye wawili hao wakapatana nje ya mahakama.

Lakini lililonifurahisha mimi si kofi wala kusahau. Kidero alikuwa wa ODM, Shebesh wa TNA. Kufikia jioni hapa Gakoromone hakuna aliyekuwa akijadili kama gavana anaruhusiwa kumpiga mtu mlangoni pa ofisi yake. Ilikuwa kama mechi ya Gor na Ingwe. Wa upande huu: alimfuata kufanya nini? Wa upande ule: mnaona watu wenu? Kofi lilipewa jezi. Zingatia hilo, Bwana Katibu. Malalamiko yakishavaa jezi, mlalamishi si mtu tena, ni bao, na bao la upande wa pili hukataliwa hata na mtu aliyeliona likivuka mstari.

Na kama una uwezo wa kuchagua siku, chagua siku yenye shughuli. Mbunge Fatuma Gedi wa Wajir alilalamika kupigwa na mbunge mwenzake katika majengo ya Bunge tarehe 13 Juni 2019. Mtuhumiwa alikamatwa, na wabunge wanawake wakatoka ukumbini kwa hasira. Siku hiyohiyo ilikuwa ya kusoma bajeti ya taifa. Ugomvi wenyewe ulisemekana kuhusu mgao wa fedha za miradi. Kufikia magazeti ya Ijumaa, bei ya mkate na ngumi vilikuwa vinapigania nafasi ukurasa wa kwanza.

Kuna watakaokuletea utafiti. Mwaka 2021 Umoja wa Mabunge Duniani, pamoja na Umoja wa Mabunge ya Afrika, ulihoji wabunge wanawake 137 na wafanyakazi wanawake wa mabunge 87 kutoka nchi 50 za bara hili. Asilimia 80 walisema wamepitia ukatili wa kisaikolojia wakiwa kazini, asilimia 39 wa kingono. Jibu ni rahisi: huo ni utafiti wa wazungu. Kwamba mmoja wa waliouandaa ni muungano wa mabunge yetu wenyewe ya Afrika, usilitaje kama hukuulizwa.

Kamati

Ikishindikana kuzuia, unda kamati. Kamati ni kama jokofu: kilichomo hakiozi wala hakiivi. Wazee watano, mmoja wao awe mwanamke ili aandike kumbukumbu za mkutano na kumimina chai. Mwenyekiti awe mtu aliyepata tiketi yake kwa hisani ya Mheshimiwa. Akidi iwe wanne. Mmoja wa wanne aishi Isiolo. Kikao cha kwanza kipange posho, cha pili kipange tarehe ya cha tatu, na cha tatu kiangukie msimu wa mvua, wakati barabara ya Isiolo nayo ina sababu zake.

Akina mzee wakishapata posho watataka suluhu. Watasema mbuzi. Mimi sina neno baya juu ya mbuzi, na wala sina neno baya juu ya wazee wa Njuri Ncheke wanaoketi Nchiru kupatanisha watu kwa mambo yanayopatanika. Ila mbuzi wa chama ni mnyama mwingine. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, kifungu cha 23, inasema mwenye mamlaka anayeendelea kumtaka mtu kimapenzi huku akijua hatakiwi anastahili kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Nenda ushuke sokoni uulize bei ya mbuzi. Hata aliyenona vipi hafiki robo ya faini hiyo, na nyama mtakula nyinyi.

Msichana akikataa mbuzi, mwogofye kwa sheria. Kulikuwa na kifungu cha 38 katika sheria hiyohiyo, kilichosema anayesingizia mtu kosa la kingono huadhibiwa kana kwamba alilitenda yeye. Kiliwanyamazisha wengi. Kilifutwa mwaka 2012. Wewe kitaje tu, polepole, kama mtu anayemwonea huruma. Atajuaje kwamba kimefutwa?

Asiponyamaza bado, mpandishe cheo. Mwambie jina lake liko nambari 3 katika orodha ya wawakilishi wadi wa kuteuliwa. Hii ni dawa ambayo haijawahi kuniangusha. Mtu aliye nambari 3 halalamiki, anasubiri. Orodha ikichapishwa gazetini na nambari 3 ikawa ni mpwa wa mwenyekiti, huwa imeshapita miezi kumi, uchaguzi umekwisha, na ofisi imefungwa kwa kutolipa kodi.

Nidhamu ya kweli

Nisikuache ukidhani chama hakina meno. Chama kina meno makali mno. Ni suala la kujua hukata nini.

Jumatatu ya 11 Mei 2020 Jubilee iliitisha mkutano wa maseneta wake Ikulu. Kithure Kindiki, seneta wa Tharaka Nithi, jirani yetu hapa chini, alikuwa naibu spika wa Seneti. Hakuhudhuria. Ijumaa ya wiki iliyofuata, tarehe 22, maseneta 54 walipiga kura kumwondoa. Siku 11. Hakuna aliyeishi Isiolo, akidi ilipatikana, mvua ya masika haikuzuia gari. Mimi nilikaa kwenye benchi langu nikahesabu kwa vidole, nikamkumbuka yule mama na mkoba wake. (Kindiki aliapishwa naibu wa rais tarehe 1 Novemba 2024, kwa hiyo usije ukadhani kufukuzwa ni mwisho wa dunia.)

ODM nao si wa kuchezewa. Machi 2019 baraza lao kuu lilimfukuza Aisha Jumwa wa Malindi kwa kumshabikia William Ruto. Suleiman Dori wa Msambweni, aliyeshtakiwa kosa hilohilo, aliomba radhi akasamehewa. Septemba 2023 wakawatimua watano kwa mpigo, akiwemo Jalang'o wa Lang'ata na seneta Tom Ojienda wa Kisumu, kwa kujisogeza karibu na serikali ya Ruto. Miezi 10 baadaye, Julai 2024, vigogo wanne wa chama hichohicho wakateuliwa mawaziri katika serikali hiyohiyo. Ndugu msomaji, naomba usicheke kwa sauti, tuko ofisini.

UDA nao wametupa somo safi kabisa. Seneta mteule Gloria Orwoba alidai hadharani mwaka 2023 kwamba Seneti kuna unyanyasaji wa kingono. Seneti ikamsimamisha kwa miezi 6. Karani wa Seneti akaenda mahakamani, na mwaka 2024 mahakama ikaamua kwamba seneta amemchafulia jina, ikamtoza shilingi milioni 10.5. Hukumu ni ya mahakama na mimi siigusi. Ninachotaka uone ni tarehe nyingine: Mei 2025, chama chake kilipomfukuza. Kamati ya nidhamu iliketi, ikasikiliza, ikaamua, na jina la mrithi wake likapatikana upesi ajabu. Shtaka? Kutokuwa mwaminifu kwa chama.

Tafsiri yake kwa matumizi ya ofisi yetu ni hii. Yule msichana akiandika kwamba Mheshimiwa alimfungia mlango wa ofisi, faili litalala. Akiandika kwamba Mheshimiwa alimfungia mlango wa ofisi akiwa amevaa kofia ya chama kingine, utaona kikao cha dharura kikiitishwa kabla wauza kabichi hawajafunga. Naamini kabisa siku moja msichana mwerevu ataligundua hilo. Siku hiyo, Bwana Katibu, itabidi mjadili kofia kwa saa sita, na mlango kwa dakika mbili.

Ubaya wa kukosa chama

Kama bado unajiuliza chama kina faida gani, tazama Meru yetu.

Agosti 2022 tulimchagua Kawira Mwangaza gavana. Alikuwa mgombea huru, akawabwaga Mithika Linturi wa chama cha wilbaro na Kiraitu Murungi wa chama cha basi. Chama hakuwa nacho. Desemba mwaka uleule wawakilishi wadi 67 walipiga kura kumtimua, Seneti ikamwokoa. Oktoba 2023 wakarudi wakiwa 59 na mashtaka 7, mojawapo likiwa kuwadhulumu na kuwadhalilisha viongozi wenzake, jingine kuipa barabara jina la mumewe. Seneti ikamwokoa tena. Agosti 2024 wakarudi wakiwa 49, na safari hii Seneti ikakubaliana nao. Machi 2025 Mahakama Kuu ikaliunga mkono hilo, na naibu wake Isaac Mutuma akaapishwa. Tazama hesabu: kila safari kura zilipungua, na ile iliyokuwa na chache zaidi ndiyo iliyomtoa.

Sisemi alikuwa na hatia wala hakuwa nayo. Mwenyewe alishikilia kwamba anaandamwa kwa kuwa ni mwanamke, wawakilishi wakashikilia ni kazi yake mbovu, na Gakoromone iligawanyika, wauza viazi huku, wauza kabichi kule. Nasema tu kwamba katika miaka yangu yote sijaona mkubwa mwingine wa kaunti hii akiitwa mara tatu ndani ya miaka miwili kujibu jinsi anavyowatendea anaofanya nao kazi. Kumbe inawezekana! Mashtaka yanaweza kuandikwa, mashahidi wakasafiri mpaka Nairobi, tarehe zikatimizwa. Hakukuwa na katibu mwenye muhuri mfukoni.

Linturi aliyeshindwa alipewa Wizara ya Kilimo. Wabunge walipomhoji Oktoba 2022 alisema mwenyewe kwamba ana kesi 35 mahakamani, akapita. Mwaka 2024 wakulima, wakiwemo wanaoleta viazi hapa chini ya dirisha lako, walipolia kuuziwa mbolea ghushi, Bunge la Taifa liliunda kamati ya wabunge 11 imchunguze. Wajumbe 7 wakasema tuhuma hazikuthibitishwa, 4 wakakataa. Akaendelea na uwaziri mpaka Rais alipovunja karibu baraza zima Julai mwaka huo.

Usidhani ni sisi tu. Uingereza, mwishoni mwa Juni 2022, naibu kiranja wa chama tawala, Chris Pincher, alijiuzulu wadhifa huo baada ya kutuhumiwa kuwapapasa wanaume wawili klabuni. Ofisi ya waziri mkuu Boris Johnson ikasema hakujua lolote kuhusu tuhuma za nyuma. Mtumishi mstaafu wa wizara ya mambo ya nje akaandika barua kwamba Johnson alijulishwa, tena ana kwa ana. Mawaziri wakaanza kujiuzulu, na tarehe 7 Julai Johnson akatangaza anaondoka. Wenzetu wana tabia mbaya ya kutunza barua.

Mambo madogo yaliyobaki

Pazia la ofisi linahitaji pete mpya. Mlinzi anadai nauli ya Machi. Faili la malalamiko ni lile la kijani, kabati la chini, na ukilifungua utakuta ni jipya kabisa, halina hata kutu kwenye pini. Lisije likakutisha. Uchaguzi ni Jumanne ya 10 Agosti 2027, na watu wa kujitolea wataanza kupanda ngazi hizo mwaka mmoja kabla, wengi wao wasichana waliomaliza shule, wana vyeti vya kompyuta, na hawajui mtu.

Muhuri nimekuachia kwenye droo ya kulia.

Na wewe binti, kama umesoma mpaka hapa ukiwa si katibu: andika tarehe, saa na mahali siku hiyohiyo, kabla hujalala. Peleka nakala mbili, nenda na mtu mzima wa kushuhudia, na usishuke zile ngazi kabla nakala yako haijagongwa. Wakikwambia muhuri umeenda kutengenezwa, vuka barabara mpaka posta, itume kwa rejista, na risiti uiweke kwa mama yako. Kama ni kosa la jinai usianze na chama hata kidogo, anza na kituo cha polisi, na usitoke bila nambari ya kitabu cha matukio.